Wanawake Sita wa Bruxelles

Wajinga wa mapenzi wapo wengi, lakini wangu aliwapita wote. Aliandika mapenzi yake nyuma ya picha, hakuyatia kwenye bahasha, akayabandika stempu na kuyatuma kwenye sanduku la posta la bosi wa baba yangu. Tena jina langu aliliandika kwa herufi kubwa ili asiwepo mtu wa kukosea: ATHANASIE, KWA MUNYANEZA, GOMA.

Habari hiyo ilinifikia Jumamosi saa saba mchana, siku ambayo nilikuwa na hofu ya kunitosha hata bila yeye kuniongezea. Saa tisa wageni wa Masisi walikuwa waje na pombe.

Kwetu, mwanamume akimtaka binti haji kumwambia binti. Wazee wake huleta mtungi wa pombe kwa baba wa binti. Mtungi ukinywewa, neno limepita, kinachobaki ni kupanga ng'ombe na kwenda kwa padri. Binti mwenyewe hukaa jikoni akisikiliza vicheko vya sebuleni, na kwa vicheko hivyo hujua kwamba amekwisha kuolewa. Anayemsemea ni shangazi yake. Wangu, shangazi Béata, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameshuka kutoka Kibumba siku mbili kabla, juu ya lori la viazi, na tayari alikuwa amenisemea. Niliambiwa kwamba nimekubali.

Niliyemkubali aliitwa Habarurema. Alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi, mtu wa miaka arobaini na mitano aliyefiwa na mke, mwenye kofia ya rangi ya udongo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemwona mara mbili mlangoni mwa kanisa, na mara zote mbili aligusa kofia yake bila kusema kitu. Sikumchukia. Nilimwogopa tu, kama unavyoogopa chumba ambacho hujawahi kuingia na umeambiwa utalala humo maisha yako yote.

Basi baba alifika kutoka depo ya malori alikokuwa karani, akaegemeza baiskeli ukutani bila kunipa nimpokee. Aliingia sebuleni, akatoa kitu mfukoni mwa shati, akakiweka mezani.

"Soma," akasema.

"Papa..."

"Nimesema soma. Kwa nguvu. Mama yako naye asikie."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina majivu. Niliiokota postikadi. Upande wa picha walisimama wanawake sita wa kizungu kwenye ngazi za nyumba kubwa, wamevaa sketi za kufagia chini na kofia pana mno. Wawili walishika kitambaa chenye maandishi. Chini yao kulikuwa na mstari mdogo wa Kifaransa, na Kifaransa cha masista kilinitosha kuuelewa: hawa ndio waliotangulia kudai kura ya mwanamke, na sasa ilikuwa imetimia miaka kumi tangu kura hiyo ipatikane.

Nikageuza. Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno moja. Katikati ya hofu yote ile, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Nangojea," baba akasema.

Nikasoma. "'Bruxelles, tarehe kumi na ine, mwezi wa sita, 1958. Athanasie. Hawa ni wamama wa hapa, wa zamani. Walitaka waulizwe, watu wakawacheka. Leo wanaulizwa. Nilipowaona nilikufikiria weye...'"

Nikasita hapo.

"Endelea."

"'Nakupenda. Nataka kukuoa. Mwezi wa tisa nitarudi, nitakuja kwenu na wazee wangu. Lakini kwanza nataka jibu lako, na nalitaka kwa kinywa chako, lisitoke kwa shangazi wala kwa mutu mwingine. Bahasha nimeiacha kwa kusudi, juu ya kuwa sina la kumuficha Papa yako. Célestin.'"

Kusoma maneno hayo mbele ya baba yako mzazi ni adhabu ambayo simwombei hata adui. Nilitamani sakafu inimeze.

"Hana la kunificha!" Baba alipiga meza. "Makarani bote ba depo baliisoma mbele yangu. Bote! Bwana naye aliangalia ile picha, akacheka mpaka akashika tumbo. Ananiuliza, 'Munyaneza, kwako bamama ndio banachagula?' Miye! Miaka kumi na munane pale, hakuna mutu aliyenicheka!"

"Papa, sikujua kama ataandika..."

"Huyu ni nani? Ni yule wa hospitali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Ni yule wa hospitali. Mwaka uliopita maharage ya moto yaliniunguza mkono, nikaenda kufungwa dawa, na muuguzi kijana mwenye miwani akanishika kifundo kana kwamba ni cha kioo. Aliniambia nirudi kesho. Nikarudi. Akaniambia tena nirudi. Kidonda cha siku nne alikifunga bandeji wiki tatu, na sote wawili tulikuwa tunaona kwamba ngozi imekwisha kupona. "Bado kidogo," alikuwa akisema, akiutazama mkono kisha akinitazama mimi, nami nikisema, "Ndiyo, bado inaniuma." Mwezi wa nne walimchagua yeye na wenzake wachache kwenda Bruxelles, kuwatunza Wakongo waliopelekwa kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia. Siku alipopanda meli ya Bukavu nilisimama bandarini kati ya wanawake wenye vikapu. Hakuweza kunishika mkono, watu walikuwa wengi. Alinitazama tu mpaka meli ilipogeuka, na mtazamo ule niliubeba nyumbani na kulala nao kila siku.

"Yule hana baba," baba alikuwa akisema. "Mama yake analimaka mashamba ya batu kule Rutshuru. Mifugo yabo ni mbuzi mbili, na moja ni kilema! Atanipa nini? Picha?"

Akainama, akaleta uso wake karibu na wangu, na sauti yake ikashuka. Baba akipiga kelele simwogopi sana. Akinong'ona ndipo natafuta mlango.

"Sikia muzuri. Leo pombe itanywewa. Ukifungua kinywa mbele ya bageni, weye na aliyekuzaa mutatafuta kwingine kwa kulala. Bote wawili. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Akamgeukia mama. "Na weye?"

"Nimesikia," mama akasema.

Mama yangu, Nyiramahirwe, ni mtu ambaye ukiishi naye mwezi mzima unaweza kusahau sauti yake. Baba alikwenda uani kuoga. Mama akaja mezani, akaipangusa mikono kwenye kitenge, akaiinua ile picha mpaka karibu na pua.

"Banamuke hawa," akauliza, "balitaka nini?"

"Si nimesoma, mama."

"Unisomee kwa maneno ya kwetu."

"Balitaka baulizwe. Mambo ya inchi yao ilikuwa inaamuliwa na wanaume peke yao. Wao wakasema, na shiye tuulizwe."

"Na baliulizwa?"

"Baliulizwa. Lakini picha ni ya zamani sana. Hawa wenyewe, ninafikiri wengine bamekufa kabla ya kuulizwa."

Kidole cha mama, ukucha bado una majivu, kikatua juu ya mmoja wao, mwembamba, aliyesimama mwisho wa mstari.

"Huyu alikuwa anaogopa," akasema. "Angalia namna anakamata mwavuli."

Niliangalia. Kweli, mwanamke yule alikuwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Mimi niliyesoma shule ya masista miaka sita sikuwa nimeliona hilo.

Mama alirudi jikoni, na palepale shangazi Béata akaingia kutoka bombani na ndoo kichwani. Hakuwa amesikia lolote. Aliitua ndoo, macho yakamtoka pima.

"Ii picha imetoka wapi?"

"Bruxelles, shangazi."

"Nani alituma?"

"Célestin."

Shangazi hakujua kusoma, lakini mambo ya picha aliyajua kama kila mtu wa siku zile. Picha ilikuwa kitu cha gharama. Mtu alipiga picha siku ya ubatizo, siku ya ndoa, akasimamisha jamaa zake kwenye mstari, akawatumia wengine waone. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akinunua picha ya watu baki.

"Yesu Maria," akasema polepole. "Ameoa."

"Shangazi, hapana..."

"Nyamaza! Mutu analipa feza juu ya picha ya batu habajuane nabo? Hawa ni bashemeji yake. Angalia kofia! Angalia ngazi, ni kanisa ile! Na huyu katikati, mwenye kukaza uso, huyu ndiye mama mukwe." Akapiga makofi, uso umemng'aa kwa furaha ya kweli. "Aa, mutoto wa Rutshuru! Bazungu bamemukamata. Pole, binti yangu. Lakini angalia vile Mungu anakupenda, Habarurema anafika leo leo."

Ningeweza kumwambia. Ningesema, shangazi, geuza, nyuma kuna maneno. Lakini baba alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, nasikia maji yakimwagika, na onyo lake bado lilikuwa masikioni mwangu. Nikanyamaza. Ule unyamavu wangu ndio uliotaka kuniua saa mbili baadaye.

Wageni walifika vumbi limewafunika mpaka kwenye kope. Mbele alikuwa Ndayambaje, baba mdogo wa Habarurema, mzee mwenye fimbo ndefu na sauti ya kuitia ng'ombe. Wanaume wawili waliubeba mtungi, wakauweka katikati ya sebule, wakatoka kwenda kukaa kivulini. Habarurema aliingia mwisho. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

Mimi nilikuwa jikoni, jicho kwenye ufa wa mlango. Mama alikuwa nyuma yangu, na alikuwa akishughulika na kitu fulani kwenye kona ya kulala, lakini sikumgeukia.

Ndayambaje alisalimu kwa urefu. Alisifu nyumba, akasifu mvua iliyopita, akaulizia afya ya watu ambao baba hata hakuwajua. Kisha akaegemea fimbo yake.

"Muzee Munyaneza, unajua kilichotuleta. Lakini mbele ya kunywa, kuna neno tulilisikia njiani. Lori moja ilitusimamia, dereva wa depo yenu. Anasema kuna karte ilitoka Bulaya. Ya binti. Anasema depo nzima inacheka." Akakohoa. "Shiye hatutaki kufunga ng'ombe kwa kamba ya mutu mwingine. Binti ako na mutu?"

Baba alifungua kinywa, akakifunga.

Shangazi Béata akamwokoa, au ndivyo alivyodhani.

"Aa, ile!" Akacheka. "Ile ni kitu cha kufurahi, muzee wangu. Kulikuwa kijana mumoja alikuwa anamuangalia huyu mutoto, sikatai. Lakini ameoa! Ameoa Bulaya, na picha ya harusi ametuma. Ngoja, niwaletee muione na macho."

"Béata, kaa," baba akasema.

Lakini shangazi alikuwa amekwisha kuinyakua kutoka kabatini alikoiweka mchana. Aliikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, moja kwa moja kwa Habarurema.

Habarurema aliitazama picha. Akaipeleka mbali kidogo na macho. Kisha akaigeuza.

Baba alinyanyuka nusu, akakaa tena. Niliona anavyojituliza, na nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nikiomba hichohicho: mfugaji wa milimani, kusoma atakujulia wapi? Kisha kidole cha Habarurema kikatua juu ya mstari wa kwanza. Midomo yake ikaanza kucheza.

Alisoma kama anavyosoma mtu aliyefundishwa na katekista, neno kwa neno, akirudia aliporuka. Nililiona kila neno likipita midomoni mwake. *Nakupenda.* Kidole kikasimama. *Nataka kukuoa.* Kikaendelea. Alipomaliza aliiweka postikadi juu ya kofia yake, maneno yakitazama juu.

"Basi ameoa," Ndayambaje akasema, hakuwa ameona kitu. "Mambo imeisha. Tunywe."

Baba alimtazama Habarurema. Habarurema hakusema neno. Baba akakichukua kimya kile kuwa ndiyo, akaita kwa sauti iliyokuwa kubwa kupita kiasi, "Mama Athanasie! Mirija!"

Mtungi wa pombe hauinamishwi. Hunywewa kwa mirija, na mirija ni ya mama mwenye nyumba. Ni yeye anayeitunza, anayeiosha, anayemgawia kila mmoja wake. Mgeni hatembei na mrija wake, na mume hajui hata inapowekwa. Mpaka mama mwenye nyumba alete, mtungi ni mtungi tu.

Mama alinipita mlangoni bila kuniangalia, mirija imo kwenye mkono wake. Akaingia sebuleni. Alifika kwenye mtungi, akakunja kitenge, akakaa chini kwenye mkeka, mahali ambapo mwanamke wa nyumba yetu hakuwahi kukaa mbele ya wageni. Akailaza mirija mapajani, akaweka mikono yake miwili juu yake.

"Leta," baba akasema.

"Sileti."

Alisema kwa sauti ndogo sana, hata Ndayambaje akatega sikio. "Anasema nini?"

"Nitaleta," mama akasema, "mutoto akiisha kuulizwa."

"Yesu!" Shangazi akashika kichwa. "Mutoto aliisha kuulizwa! Miye nilisema!"

"Ulisema weye, wifi. Yee sijamusikia."

Ndayambaje aligonga fimbo sakafuni. "Hapa ni kwa Munyaneza ao ni kwa bibi yake? Tulipotea nyumba?"

Baba alisimama. Kutoka kwenye ufa wangu niliuona mkono wake ukijikunja, na mshipa wa shingo ukitokeza. Akanong'ona. "Nilikuambia nini muchana?"

"Nakumbuka yote." Mirija ilikuwa ikigongana mapajani mwa mama, kwa vile mikono yake ilivyotetemeka, sebule nzima iliisikia. "Nakumbuka, baba Athanasie. Muulize mutoto."

Niliogopa hapo kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Sikuogopa tena Masisi wala ile kofia. Nilimwogopea mama, mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyekuwa karibu kutolewa nyumbani kwake kwa neno moja la mume wake, na neno hilo lilikuwa tayari kinywani mwa baba, naliona.

"Muzee," Habarurema akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ilikuwa ya chini, na nzito kidogo.

"Miye nasoma polepole, lakini nimemaliza." Akaigusa postikadi. "Huyu hajaoa. Anaomba binti yako, na anaomba binti ajibu."

Shangazi Béata akakaa ghafla kama aliyekatwa miguu. Ndayambaje akageuka, "Nini?"

"Ngoja, baba mudogo. Niseme." Habarurema alikuwa akiizungusha kofia yake. "Bibi yangu marehemu, hakuna mutu alimuuliza. Alilia njia yote, kutoka Rutshuru mpaka kwangu. Nilisema, atazoea. Sikumupiga hata siku moja, Mungu ni shahidi. Lakini nikiingia kwa nyumba, yeye anasimama. Nikikaa, anatafuta kazi ya kufanya nje. Miaka kumi na ine. Alikufa akiniogopa, na mupaka leo sijui nilimufanya nini." Akamtazama baba. "Sitaki tena kuogopwa ndani ya nyumba yangu. Muulize, muzee. Akisema ndiyo, tutakunywa vizuri."

Nje wale wabebaji walikuwa wakizungumza juu ya bei ya chumvi.

"Athanasie," baba akaita. "Toka."

Nilitoka. Nilisimama nyuma ya mama, karibu goti langu liguse mgongo wake. Hakugeuka kunitazama. Nadhani alifanya makusudi, asije akaniambia la kusema hata kwa jicho.

Baba alinitazama. Lile swali lilimpa tabu kutoka, hakuwa amewahi kuliuliza. "Unamutaka... unataka huyu mutu?"

Nilifikiria mama na usiku utakaokuja. Nikafikiria kwamba *ndiyo* ni neno fupi, kwamba nikilisema watu wote watapumua, mirija itagawiwa, mama ataamka kitandani kwake kesho kama kila siku. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Kisha nikamwona Habarurema. Alikuwa akinisubiri ameshika kofia kwa mikono miwili, na niligundua kwamba mtu mzima yule aliniogopa mimi.

"Papa Habarurema," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "hapana. Unisamehe. Uko mutu muzuri. Lakini roho yangu inangojea ule aliyeandika."

Ndayambaje alisimama kabla sijamaliza. "Mutungi unarudi na pombe yake! Kutoka Masisi! Bataimba juu yetu mpaka wajukuu!" Akatoka, fimbo ikigonga kila kizingiti.

Habarurema hakutoka. Alikaa kidogo akitazama chini. Kisha akapiga goti mbele ya mkeka, akamnyoshea mama mkono.

"Mama, unipatie murija mumoja. Hii haiko tena pombe ya kuomba. Ni ya safari. Niko na kiu."

Mama alimpa. Akanywa kwa muda mrefu, peke yake, na sote tukimwangalia, mpaka pombe ikashuka shingoni mwa mtungi kiasi cha kuonekana. Hakuna ambaye angeweza kusema kwamba mtungi wake umerudi bila kuguswa. Alijifuta mdomo, akaiweka postikadi mezani, akavaa kofia. Mlangoni aliigusa, kama pale kanisani, na safari hii alinitazama na kutabasamu kidogo. Nililia. Siwezi kueleza kwa nini nilimlilia mtu niliyemkataa.

Shangazi Béata alikimbia nje kumtuliza Ndayambaje, nadhani pia kuyakimbia macho ya baba. Tukabaki watatu.

Baba alikaa. Mama hakuwa ameondoka kwenye mkeka. Jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa ziwa. Nilisimama ukutani nikihesabu pumzi zangu.

"Umenipatisha haya," akasema mwishowe.

"Ndiyo," mama akajibu.

"Mbele ya batu ba Masisi."

"Ndiyo."

Mama aliinuka taratibu, magoti yakimuuma. Akakusanya mirija, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na furushi, kitenge chake kizuri kimefungwa mafundo mawili, na rozari yake ikichungulia kwenye fundo. Kumbe ndicho alichokuwa akikishughulikia nyuma yangu wakati wageni wanasalimu. Alilifunga kabla hajaingia na mirija. Alijua gharama, akaiandaa kwanza.

Baba alilitazama furushi. "Unaenda wapi?"

"Kibati, kwetu. Ulisema tutafute kwa kulala. Kaka yangu atatupokea. Sijui mutoto ameweka wapi vitu vyake, lakini ni vidogo."

"Mama!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, binti."

Baba alifungua kinywa kusema neno lile. Nililiona kama mchana, likiwa pale, tayari. Niliziba masikio, mtu mzima mimi, kama mtoto anayengoja radi. Lakini halikutoka. Baba alilitazama furushi, akatazama mkono wa mama ulioshika fundo, na mkono ule haukuwa ukitetemeka tena. Wa baba ndio ulikuwa ukitetemeka.

"Ule wa hospitali," akasema kwa shida, "afike na wazee wake. Nitabasikia. Kusikia haiko kukubali."

"Asante, Papa," nikanong'ona.

Hakunisikia. Alikuwa akimtazama mama.

"Nyiramahirwe." Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina hilo, siku zote alikuwa Mama Athanasie. "Nilipokuoa, nani alikuuliza?"

"Hakuna mutu."

"Hata shangazi yako?"

"Alisema nimekubali."

Ndipo nilipomwona, yule mwanamume wa kunong'ona, aliyetutetemesha miaka yote, amekaa kwenye ncha ya kiti chake, uso umemparara kwa hofu.

"Na kama ningalikuuliza," akasema. "Ungalisema nini?"

Mama aliliweka furushi mezani, lakini mkono hakuuondoa kwenye fundo. Akavuta kiti, kiti kile cha wageni, akakaa mbele yake.

"Unauliza kweli?"

"Nauliza kweli."

"Basi ungoje," mama akasema. "Hayo si maneno ya dakika moja."

Baba akangoja. Mimi nikachukua ndoo tupu, nikatoka nje, nikafunga mlango nyuma yangu, kwa sababu jibu lile halikuwa langu kulisikia.